Masjala Isiyo na Rafu: Programu za Kutunza Nyaraka na Biashara Iliyo Nyuma Yake

Yeyote aliyewahi kwenda ofisi ya serikali kufuatilia haki yake anaifahamu masjala, hata kama hajui kwamba ndiyo inayoitwa hivyo. Ni kile chumba ambamo karani huinuka, hupitisha kidole katika daftari, hupotea nyuma ya rafu, kisha hurudi ama na jalada mkononi ama na maneno "njoo kesho". Wanafunzi wengi huidhani kuwa ni ghala la karatasi tu. Kwa hakika masjala ni mtambo, na ni mtambo uliobuniwa kwa busara. Kila jalada lina namba yake na kichwa chake cha habari; kila barua iliyomo ina namba ya folio, nayo hufungwa kwa kufuata tarehe ilipoingia, ili mtu asiweze kuchomoa folio ya 17 pasipo pengo kuonekana kati ya 16 na 18. Liko daftari la kuonyesha jalada limekwenda kwa ofisa gani na siku gani. Kwa hiyo masjala iliyo nzuri hujibu maswali matatu: waraka huu ni upi, uko wapi, na nani aliushika mara ya mwisho.

Katika makala haya nakusudia kueleza mtambo huu unapohamishiwa ndani ya kompyuta. Programu zinazofanya kazi hiyo ni bidhaa kubwa ulimwenguni, na wauzaji wake wana mbinu ambazo mnunuzi hapana budi azijue. Mfano wetu utatoka Ludewa, mkoani Njombe, kwani huko ndiko ninakoona waziwazi hasara ya kupotea kwa karatasi moja.

Msomaji aliyepanda gari Makambako, akapita Njombe na kuteremka kwa barabara ya zege kati ya Lusitu na Mawengi, anajua kuwa Ludewa ni nchi ya milima, ukungu na mvua nyingi. Chini ya milima hiyo kuna chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Habari za makaa hayo si ngeni: mtaalamu wa jiolojia wa serikali ya Tanganyika, G. M. Stockley, alichapisha maelezo ya bonde la makaa la mto Ruhuhu mapema katika miaka ya 1930. Makala yake yamepita umri wa miaka 90, na bado yeyote mwenye macho na anayejua Kiingereza anaweza kuyasoma bila ya kumwomba mtu ruhusa ya kufungua karatasi. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Mwezi Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuhusu machimbo hayo mawili. Wananchi waliokuwa na mashamba na nyumba katika maeneo ya mradi walitakiwa kufidiwa. Fidia hiyo, iliyozidi shilingi bilioni 15, ilikuja kulipwa mwaka 2023. Kati ya mkataba na malipo ilipita miaka 12. Katika muda huo watoto waliokuwa darasa la kwanza walimaliza kidato cha nne, na baadhi ya wenye mashamba walifariki na kuacha warithi. Isitoshe, mwaka 2012 Njombe ukawa mkoa wake, ambapo kabla ya hapo Ludewa ilikuwa ikihesabiwa katika mkoa wa Iringa. Hivyo barua ya mwaka 2011 yumkini ina kichwa cha mkoa mmoja na jibu lake lina kichwa cha mkoa mwingine.

Sasa tuchukue mzee mmoja wa kubuni kutoka kijiji cha Nkomang'ombe. Haki yake imo katika mstari mmoja wa jedwali la tathmini: jina lake, ukubwa wa shamba, idadi ya miti, thamani. Mstari huo ukipatikana, analipwa. Usipopatikana, mzee hana neno la kusema isipokuwa kumbukumbu yake mwenyewe, nayo haina mhuri.

Je, kompyuta itausaidiaje mstari huo usipotee? Kazi ya kwanza ni kuupiga picha waraka kwa skana. Karatasi ya kawaida ya A4 ikisomwa kwa nukta 300 katika kila inchi hutoa nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani nukta 8,699,840. Tukitaka nyeusi na nyeupe tu, kila nukta huhitaji biti moja, na ukurasa mzima hufikia baiti milioni 1.09. Tukitaka rangi, kila nukta huhitaji biti 24, na ukurasa ule ule hufikia baiti milioni 26. Wanafunzi wa hisabati waendelee wenyewe: jalada la kurasa 200 likitumwa kutoka Ludewa kwa laini inayopitisha biti milioni 2 kwa sekunde, litachukua kama dakika 14 na nusu likiwa la nyeusi na nyeupe, na kama saa 5 na dakika 48 likiwa la rangi. Kwa bahati njema kuna ufundi wa kubana. Badala ya kuandika "nyeupe" mara 2,000 mfululizo, kompyuta huandika "nyeupe, mara 2,000", na kwa kuwa sehemu kubwa ya barua ni karatasi tupu, faili hupungua sana. Hata hivyo ofisi inayoamua kuskani kila kitu kwa rangi kwa sababu tu inapendeza, itajuta.

Picha peke yake haitoshi. Picha 40,000 zisizo na majina ni mbaya kuliko rafu zenye vumbi, kwa kuwa rafu angalau unaweza kuzitembelea. Kwa hiyo programu hudai kila waraka upewe taarifa za utambulisho: namba ya jalada, tarehe, mwandishi, mpokeaji, kijiji, aina ya waraka, na muda ambao sheria inataka utunzwe. Taarifa hizi ndizo daftari la karani katika umbo jipya. Programu pia hutunza matoleo, ili jedwali likirekebishwa toleo la kwanza lisifutike; huweka mipaka ya nani asome na nani aandike; na huandika yenyewe kila aliyefungua waraka, saa na siku. Hapo kompyuta humshinda karani, kwani haisahau kujaza daftari hata siku ambayo mkubwa amekuja na haraka zake.

Kazi iliyo ngumu kupita zote ni kutafuta. Watu wengi hudhani kompyuta husoma nyaraka zote kila inapoulizwa. Sivyo. Hutengeneza faharasa mapema, kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu: kila neno, na orodha ya kurasa linakoonekana. Ukiuliza "fidia" na "Mundindi", programu huchukua orodha mbili na kutazama kurasa zilizomo katika zote mbili. Ufundi huu ulipata msukumo kutoka mahali pasipotarajiwa. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilishirikiana na wachapaji wa kamusi kubwa ya Oxford kuiingiza katika kompyuta na kuifanya itafutike. Katika kazi hiyo ilizaliwa, mwaka 1991, kampuni ya Open Text, ambayo leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa programu za nyaraka duniani.

Lakini kamusi ile ilikuwa ya Kiingereza, na hapa ndipo Mswahili anapopaswa kuamka. Katika Kiingereza maneno hubadilika zaidi mwishoni. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alitangaza kanuni ya kukata viambishi vya mwishoni ili maneno ya shina moja yahesabiwe pamoja, na kanuni hiyo ilienea mno. Kiswahili hakiko hivyo. Shina -lip- lina mzigo mbele na nyuma: analipa, walilipwa, wamelipwa, hatalipwa, hawakulipwa, malipo, mlipaji. Programu isiyojua sarufi yetu huyaona haya kuwa maneno saba yasiyo na undugu wowote. Ofisa akitafuta "walilipwa" hataletewa barua iliyoandikwa "wamelipwa". Na dawa si kukata viambishi vyote vya mbele bila ya kufikiri, kwa sababu ndani ya "hawakulipwa" ukanusho umo katika neno lenyewe. Ukilikata ovyo likabaki "lipwa", umemchanganya mtu aliyepata fedha yake na mtu aliyekosa.

Liko tatizo dogo zaidi kwa macho, ambalo hata wataalamu hulipuuza. Jina Nkomang'ombe lina ritifaa. Kuna waandishi wanaoanza jina hilo kwa N na wengine kwa M. Hilo tunaweza kuliona. Ritifaa yenyewe, hata hivyo, inaweza kuingizwa katika kompyuta kwa alama mbili zilizo mbali kabisa: iliyonyooka, ambayo namba yake ya msimbo ni 39, na iliyopinda, ambayo namba yake ni 8217. Kwa jicho la binadamu zinafanana karibu sawasawa. Kwa programu iliyotengenezwa bila kuzingatia jambo hilo, kijiji kimoja kimekuwa viwili, na mzee wetu yumo katika kimojawapo. Sijawahi kuona kijitabu cha muuzaji kinachosema lolote kuhusu ritifaa. Kimejaa picha za watu wanaotabasamu mbele ya meza zisizo na karatasi.

Hao wauzaji ni akina nani? Biashara yenyewe ilianza hasa mwaka 1982, kampuni ya FileNet ilipoanzishwa Marekani kuuza mitambo ya kuhifadhi picha za karatasi katika sahani za mwanga. Benki na kampuni za bima ndizo zilizokuwa wateja. Mwaka 1990 ikaja Documentum. Mwaka 2001 Microsoft ilitoa SharePoint, na mbinu yake ilikuwa nyingine: haikujitahidi kuwa bora kuliko wengine katika utunzaji wa kumbukumbu, bali ilijishikamanisha na programu za kuandikia ambazo ofisi zilikwisha zizoea. Ni mbinu ya muuza chai anayetoa kitumbua cha bure. Si lazima kitumbua kiwe kitamu, ilmradi usiende kwa jirani.

Kisha wakubwa wakaanza kuwameza wadogo. EMC iliinunua Documentum mwaka 2003. Mwaka 2006 IBM iliichukua FileNet, na mwaka huo huo Oracle iliichukua Stellent. EMC yenyewe ikamezwa na Dell mwaka 2016, na mapema mwaka 2017 Dell ikaiuza Documentum na ndugu zake kwa OpenText kwa dola za Marekani bilioni 1.62. Historia ya programu iitwayo TRIM, iliyotoka Australia na ambayo imetumiwa na ofisi za serikali, inafundisha zaidi. Hewlett-Packard iliinunua kampuni yake mwaka 2008. Mwaka 2015 Hewlett-Packard iligawanyika mara mbili na programu ikaenda upande mmoja. Mwaka 2017 ikahamia kwa Micro Focus. Mwaka 2023 Micro Focus nayo ikanunuliwa na OpenText. Msomaji alinganishe na tarehe zetu. Kati ya mkataba wa Liganga na malipo ya fidia, programu hiyo moja ilibadilisha mwenyewe mara tatu, na jina pia.

Sisemi kwamba kila kampuni inapouzwa nyaraka za wateja huharibika. La. Lakini mwenye duka mpya huja na bei mpya, huamua bidhaa ipi iendelezwe na ipi iachwe ife, na mteja hana kura katika uamuzi huo. Faida ya muuzaji haipatikani siku ya kwanza, ambapo aghalabu hupunguza bei hata kufikia hasara. Hupatikana katika mwaka wa tano na wa kumi, nyaraka zikiwa zimekwisha jazana ndani kwa mpangilio anaoujua yeye peke yake, na gharama ya kuhama ikiwa kubwa kuliko gharama ya kuvumilia. Mambo yalizidi kugeuka pale wauzaji walipoacha kuuza programu moja kwa moja na kuanza kuipangisha kwa mwezi au kwa mwaka, nyaraka zikikaa katika seva zao wenyewe, kule kunakoitwa "wingu". Mpangaji asiyelipa kodi hutolewa nje. Swali ni kama atatolewa na vyombo vyake. Kwetu liko jambo la nyongeza, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia upelekaji wa taarifa za watu nje ya nchi, na jedwali la tathmini limejaa taarifa za watu.

Hata jina la bidhaa hubadilishwa. Kuanzia mwaka 2017 kampuni ya Gartner, ambayo upimaji wake wa wauzaji huogopwa kama matokeo ya mtihani wa taifa, iliacha kuuita uwanja huu usimamizi wa maudhui ya taasisi, ikauita huduma za maudhui. Lipo badiliko la kweli nyuma ya jina: badala ya jumba moja kubwa la nyaraka, sasa panauzwa vipande vidogo vinavyounganishwa na programu nyingine. Lakini naona pia kwamba jina jipya humpa muuzaji sababu ya kurudi kwa mteja yule yule na mkoba ule ule. Tangu mwaka 2023 mkoba huo umeongezewa akili unde, inayoahidi kulisoma jalada zima na kulifupisha. Mimi ningetaka kwanza ijaribiwe na "hawakulipwa".

Serikali yetu imewahi kulipa ada ya funzo hili. Kuanzia mwaka 1998 wizara zilitunza hesabu zake kwa programu ya Epicor kutoka ng'ambo, na mapema katika miaka ya 2010 taarifa za watumishi na mishahara ziliwekwa katika programu ya Lawson. Mwaka 2011 Lawson ilinunuliwa na Infor. Baadaye zote mbili ziliachwa: hesabu zikahamia katika mfumo wa MUSE, na mwaka 2021 taarifa za watumishi zikahamia katika mfumo mpya uliojengwa na wataalamu wa nchini. Hizi si programu za nyaraka hasa, lakini ugonjwa ni mmoja. Kwa upande wa nyaraka, Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, imetengeneza mfumo wa ofisi mtandao ambao taasisi za umma zinautumia kuendesha majalada. Wako wanaodharau kazi ya nyumbani kwa kuwa haina sura ya kupendeza. Siungani nao, ingawa nakiri kuwa kujitengenezea kuna hatari yake: mafundi wachache wakiondoka kwa ajili ya mishahara mizuri zaidi, nani atabaki kuujua mtambo?

Njia ya tatu ni programu huria, ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu. Mwaka 2005 mmoja wa waanzilishi wa Documentum, John Newton, alishiriki kuanzisha Alfresco kwa njia hiyo, akitoa toleo moja bure na kuuza huduma. Mwaka 2020 nayo ikanunuliwa na Hyland. Uhuria haukuizuia kuuzwa. Ulichozuia ni kufungiwa, kwa sababu aliyekuwa na nakala alibaki na nakala.

Hapa nitoe ushuhuda wangu. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari, niliandika maelezo yangu ya miaka mitatu katika programu nzuri ya kutunza maandishi. Kampuni yake ikanunuliwa, na mnunuzi akaiua bidhaa. Niliporudi nyumbani nilikuwa na mamia ya faili nisizoweza kuzifungua. Yaliyosalimika ni yale tu niliyokuwa, kwa uvivu, nimeyaandika kama maandishi matupu yasiyo na mapambo.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza kuhusu mlango wa kutokea. Tangu mwaka 2005 kuna kiwango cha kimataifa kiitwacho PDF/A, kinachotaka faili ibebe ndani yake kila kinachohitajika ili isomeke, zikiwemo herufi zenyewe. Tangu mwaka 2010 kuna kiwango cha CMIS, kinachoziwezesha programu za wauzaji mbalimbali kuulizana nyaraka kwa lugha moja. Muuzaji aombwe aonyeshe, kwa vitendo na siyo kwa kijitabu, namna ya kutoa nyaraka 1,000 pamoja na taarifa zake za utambulisho na kuziingiza katika programu ya mshindani wake. Wengi hukohoa hapo. Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002, inayoweka miaka 30 kabla ya kumbukumbu za umma kufunguliwa kwa wasomaji. Jalada la fidia lililofungwa mwaka 2023 litasomwa na watafiti mwaka 2053, na hakuna kampuni hata moja kati ya nilizozitaja inayoweza kuahidi kuwa itakuwepo kwa jina lake.

Walimu wa somo la kompyuta wanaweza kufanya jaribio hili katika kipindi kimoja. Kila mwanafunzi aandike faili moja fupi yenye jina Nkomang'ombe na sentensi yoyote kuhusu malipo; nusu ya darasa watumie programu ya kuandikia barua, ambayo mara nyingi huipinda ritifaa yenyewe, na nusu watumie ile ya maandishi matupu. Faili zote ziwekwe katika folda moja. Kisha mtu mmoja atafute jina la kijiji, na baadaye atafute "lipwa", na darasa lihesabu ubaoni ni faili ngapi zilizopatikana kati ya zilizoandikwa. Mashine mbalimbali zitatoa hesabu mbalimbali, na inafaa kuandika jina la programu kando ya kila hesabu.